Mlango Uliofungwa kwa Ndani

Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, vijana watano walinikabili chini ya mwembe ulio mbele ya kanisa. "Tumsifu Yesu Kristo." "Milele na milele, amina." "Padri, utuamulie neno." Nikadhani ni habari ya ndoa, au ya mchango wa kwaya. Kumbe ni mpira! Walikuwa wakibishana juu ya vile vilabu vya matajiri wa Ulaya vilivyotaka kujitenga na kuunda ligi yao wenyewe. Mmoja alisema: "Mali ni yao, Padri. Mimi nikiwa na ng'ombe mia, nani atanizuia kuwachunga peke yangu?" Mwenzake akamjibu: "Ng'ombe ni wako, lakini malisho ni ya nani?"

Niliwaambia kwamba swali hilo halitoshi kujibiwa kwa dakika tano, jua likiwa utosini. Niliwaahidi kulijibu katika ukurasa huu, na leo natimiza ahadi.

Kwa faida ya wasomaji wasiofuata habari za mpira, kwanza tueleze mambo yalivyokuwa. Usiku wa Dominika, tarehe 18 Aprili 2021, vilabu 12 vilitangaza kwamba vimeunda ligi mpya ya Ulaya. Sita vilikuwa vya Uingereza, yaani Manchester United, Manchester City, Liverpool, Arsenal, Chelsea na Tottenham. Vitatu vilikuwa vya Hispania, yaani Real Madrid, Barcelona na Atlético Madrid; na vitatu vya Italia, yaani Juventus, Milan na Inter. Mwenyekiti wao alikuwa Bwana Florentino Pérez wa Real Madrid. Benki kubwa ya Marekani, JPMorgan, ilikuwa tayari kutoa fedha, na waanzilishi wangegawana euro bilioni 3.5. Timu zingekuwa 20. Katika hizo, 15 zingekuwa za waanzilishi, nazo zisingeshuka kamwe, hata zikifungwa mwaka mzima; nafasi 5 tu zingeachwa kwa wengine, waje na kuondoka kama wageni.

Hayo hayakudumu. Jumatatu yake, Liverpool walipokwenda kucheza na Leeds, wachezaji wa Leeds walipasha misuli wakiwa wamevaa fulana zenye maneno ya kuwakumbusha wakubwa hao kwamba nafasi katika mashindano ya Ulaya hupatikana kwa kuihangaikia uwanjani. Jumanne mashabiki wa Chelsea walijaa barabarani nje ya uwanja wao wenyewe, wakizuia njia, hata golikipa wao wa zamani, Petr Čech, akatoka kuwasihi waliruhusu basi la timu lipite. Tuangalie vema: hao hawakuwa watu wa vilabu vilivyoachwa nje. Walikuwa watu wa klabu iliyokuwa imealikwa mezani, nao wakakikataa chakula. Usiku huohuo vilabu vya Uingereza vilijitoa kimoja baada ya kingine. Mwenye Liverpool, Bwana John W. Henry, alionekana kesho yake akiwaomba radhi mashabiki. Ligi iliyozaliwa Dominika usiku haikuifikia Alhamisi ikiwa na nguvu zake.

Sasa, kosa lilikuwa nini? Wengi husema: tamaa ya fedha. Naam, tamaa ilikuwapo; lakini jibu hilo ni jepesi mno, na kijana wangu wa ng'ombe mia angeweza kulipangua. Angeuliza: je, hao waliowapinga walikuwa maskini wa roho? Shirikisho la mpira la Ulaya halikuwa jumuiya ya watawa waliojinyima. Tena, ile ligi kuu ya Uingereza, ambayo viongozi wake walipaza sauti sana juu ya umoja, ilizaliwaje? Ilizaliwa mwaka 1992, vilabu vya daraja la kwanza vilipojitenga na ligi ya zamani iliyoanzishwa mwaka 1888, ili visigawane tena fedha za televisheni na vilabu vya chini. Waliojitenga jana waliwalaani waliojitenga leo. Tena ni haki kukumbuka kwamba mwaka ule viwanja vilikuwa vitupu kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na madeni ya vilabu vingi yalikuwa ya kutisha. Mwenye deni hutapatapa.

Lakini waliojitenga mwaka 1992 walifanya jambo moja ambalo wale wa mwaka 2021 hawakutaka kulifanya. Waliuacha mlango wazi. Kila mwaka walio mkiani hushuka, na wengine kutoka chini hupanda badala yao. Hapo ndipo penye kiini cha shauri letu, nami naomba msomaji anivumilie nikikaa hapo kidogo.

Tuitazame klabu ya Leicester. Mwaka 2015 ilikuwa karibu kushuka. Kwa miezi mingi ilikaa mkiani, ikaponea chupuchupu. Mwaka 2016 klabu hiyohiyo ikawa bingwa wa Uingereza, mbele ya wote wale sita wenye fedha. Hapakuwa na mtu mwenye akili timamu aliyetazamia hivyo. Wachezesha kamari walikuwa wameahidi kumlipa mara 5,000 ya fedha yake mtu atakayeikisia. Basi mwaka 2023, miaka saba tu baada ya ubingwa, Leicester ikashuka daraja. Nani aliyeifukuza? Hakuna. Mlango uliowaingiza ndio uliowatoa. Watu wa mji ule walilia, lakini hawakusema wamedhulumiwa.

Nottingham Forest nao walipanda daraja mwaka 1977. Mwaka 1978 wakawa mabingwa wa nchi yao. Mwaka 1979 na 1980 wakatwaa kombe la mabingwa wa Ulaya. Je, hao waliitwa miongoni mwa waanzilishi? La. Wala Ajax wa Uholanzi, waliolitwaa kombe hilo mara nne. Wala Porto wa Ureno, waliolitwaa mara mbili. Wala Celtic wa Glasgow, mabingwa wa mwaka 1967, ambao wachezaji wao wote walizaliwa karibu na mji wao. Ila katika wale 12 walioitwa, vilabu vinne vilikuwa havijalitwaa kombe hilo hata mara moja hadi siku ile: Arsenal, Tottenham, Atlético Madrid na Manchester City. Hatusemi hayo kwa kuwadharau. Manchester City walilitwaa baadaye, mwaka 2023, tena kwa haki. Tunasema tu kwamba kipimo cha kuingia hakikuwa heshima iliyopatikana uwanjani. Kipimo kilikuwa mfuko.

Mtume Paulo alizijua mbio za wanariadha, naye alizitumia kuwafundisha Wakorinto. Jambo linalonigusa kila nisomapo sura ile ni kwamba yeye, Mtume, mwanzilishi wa makanisa mengi, hakujiona kuwa na kiti kisichoondolewa. Aliutia mwili wake adabu, kwa kuwa alihofu asije akawaongoza wengine na mwisho yeye mwenyewe akaonekana hafai. Ikiwa Paulo hakudai nafasi ya kudumu, nani ataidai?

Tulipokuwa seminari kuu, wanafalsafa walicheza na wanateolojia kila Alhamisi. Mwaka mmoja wachezaji hodari wa pande zote mbili walikubaliana wawe timu moja, maana walichoka kucheza na sisi wazito wa miguu. Kwa wiki mbili walitufunga mabao yasiyohesabika. Wiki ya tatu walikuta uwanja hauna mtu. Sisi tulikuwa bustanini tukipalilia kabichi. Walikuwa na jezi, walikuwa na mpira, walikuwa na goli mbili. Baada ya siku chache Baba Mlezi aliwakuta nao wamekuja bustanini kuchukua majembe.

Turudi kwenye ng'ombe na malisho. Papa Leo XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891, alitetea kwa nguvu haki ya mtu kuwa na mali yake. Na katika waraka huohuo akafundisha kwamba kuwa na mali ni jambo moja, na kuitumia ipasavyo ni jambo la pili. Basi klabu ya mpira ni mali ya namna gani? Hisa zina mwenyewe. Uwanja una hati. Lakini nani aliyeijenga klabu hata ikawa na thamani ya kuuzwa? Manchester United ilianzishwa na wafanyakazi wa reli huko Newton Heath mwaka 1878. Arsenal ilianzishwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha huko Woolwich. Manchester City ilianzia katika kanisa la Waanglikana la Mtakatifu Marko, mwaka 1880, katika mtaa wa kimaskini. Na hao Celtic walioachwa nje, waliundwa mwaka 1887 katika ukumbi wa parokia ya Mtakatifu Maria na Bruda Walfrid, Mmarista, ili kiingilio cha mpira kiwanunulie chakula watoto wenye njaa wa mashariki ya Glasgow. Watu hao hawakuacha hisa. Waliacha jina, rangi ya jezi, na desturi ya baba kumshika mwanawe mkono Jumamosi mchana. Tajiri aliyeinunua klabu baadaye alinunua kuta. Hayo mengine alikabidhiwa tu ayatunze.

Mfalme Ahabu alikuwa na mashamba yake, hata hivyo alilitamani shamba la mizabibu la Nabothi lililopakana na nyumba yake. Alikuwa tayari kulipa. Alitoa bei nzuri, au shamba bora zaidi badala yake. Nabothi akakataa, kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake, naye hakujiona kuwa na ruhusa ya kuuza kilichopita mikononi mwake kwenda kwa watoto wake. Ahabu hakulielewa jibu hilo. Alikwenda kulala akaugeuzia ukuta uso wake, akakataa kula. Nadhani mabwana wale wa mwaka 2021 nao walishangaa kwa namna hiyohiyo. Walizoea kuona kwamba kila kitu kina bei, na ghafla barabara ikajaa akina Nabothi.

Mambo ya sheria yaliyofuata tutayapita upesi. Mwezi Desemba 2023 mahakama kuu ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba kanuni ambazo mashirikisho yalizitumia kuzuia mashindano mapya hazikupatana na sheria ya ushindani, ingawa haikusema kwamba ligi ile yenyewe ni halali. Uingereza nayo ilitunga sheria mwaka 2025 ya kuweka msimamizi wa vilabu. Ni vema, lakini waliouvunja mpango ule hawakuwa wanasheria.

Hata hivyo, ndugu msomaji, tusiwavike mashabiki taji la utakatifu. Shabiki aliyelia mwaka 2021 kwamba mpira umeuzwa ndiye aliyeshangilia miaka yote tajiri wake aliponunua wachezaji bora wa klabu ndogo hata ikafa. Hakuuliza fedha zimetoka wapi, maadamu kombe lilikuja nyumbani. Nasi huku, tunaojibana katika vibanda umiza kila Jumamosi, tumewahi kuuliza? Kijana anaijua orodha ya wachezaji wa akiba wa Arsenal, asijue timu ya wilaya yake inacheza lini.

Tena jambo hilo lilifika hata mlangoni kwetu. Tarehe 20 Oktoba 2023, mashindano mapya ya Afrika ya vilabu vikubwa yalifunguliwa Dar es Salaam, Simba na Al Ahly wakatoka sare ya 2-2. Ni kweli, huo haukuwa uasi. Shirikisho la Afrika lenyewe ndilo lililoyaandaa, na mpango wake ulitangazwa Arusha mwaka 2022. Uwanja ulifurika na nchi ikafurahi, nami nilifurahi. Lakini timu zilikuwa 8 tu, na hapakuwa na mechi za mchujo za kuwania kuingia. Yanga, ambao ndio waliokuwa mabingwa wa nchi na walikuwa wamefika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka uleule, hawakuwamo. Siku kumi na sita baadaye, tarehe 5 Novemba, Yanga wakaifunga Simba mabao 5 kwa 1. (Nisidhaniwe kuwa wa rangi fulani, padri ana mavazi ya rangi zote, kwa kadiri ya kalenda ya liturujia.)

Nayasema hayo kwa sababu yule kijana wa ng'ombe mia alikuwa amevaa jezi nyekundu. Kabla hatujaagana nilimwuliza: "Wewe uliyewatetea matajiri wa Ulaya, niambie, klabu yako mwaka 2023 iliingia kwa mlango gani?" Wenzake wakapiga makofi. Yeye akatazama chini, akachora mstari mchangani kwa kidole cha mguu, kisha akasema: "Padri, hilo niachie mpaka Dominika ijayo." Nitamngoja palepale chini ya mwembe.