Jina Jema na Subira ya Mkulima

Katika kufundisha methali, wengi wetu tumepata kuulizwa na wanafunzi swali lisilojibika upesi: iwapo haraka haraka haina baraka, mbona twaambiwa pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo? Swali hili twaliona kuwa kubwa kuliko somo lenyewe, hasa siku hizi ambapo mfanyabiashara hutaka jina la bidhaa yake livume kabla bidhaa yenyewe haijapata sifa.

Tuitazame kahawa ya Maraba, kusini mwa Rwanda, karibu na mji wa Huye uliokuwa ukiitwa Butare. Kwa miaka mingi kahawa ya nchi hiyo ilisafirishwa bila jina. Wakulima waliimenya nyumbani, wengine kwa mawe, kisha ikachanganywa na nyingine katika magunia ya wanunuzi, njema na mbaya pamoja. Mwaka 1999 wakulima wa Maraba waliunda ushirika wakauita Abahuzamugambi, yaani wale waunganishao nia. Ilikuwa miaka mitano tu baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Kuunganisha nia halikuwa jambo jepesi. Mwaka 2001, kwa msaada wa mradi wa PEARL ulioshirikisha vyuo vikuu vya Marekani, wakapata kituo cha kuoshea kahawa.

Kazi ya kituo kama hicho haikubali kuharakishwa. Huchumwa tunda jekundu peke yake, na mbuni mmoja hurudiwa mara kadhaa kwa kuwa matunda yake hayaivi siku moja. Mavuno hufikishwa kituoni siku ile ile, yasije yakachacha. Yaeleayo majini hutengwa. Baada ya kumenywa, punje huvundikwa, huoshwa, na kuanikwa juu ya vichanja vya wavu kwa muda wa kama wiki mbili, huku akina mama wakiondoa kwa mkono kila punje yenye dosari. Hakuna tangazo liwezalo kuzifupisha siku hizo. (Ajabu ni kwamba haraka nayo imo: subira mtini, mbio njiani. Labda methali zetu mbili hazigombani kama tudhanivyo.)

Mwaka 2003 kahawa hiyo iliuzwa katika maduka ya Sainsbury's, Uingereza, kwa jina lake yenyewe. Mwaka 2008 Rwanda ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuandaa mashindano ya Cup of Excellence, na leo vituo vya kuoshea vyapita mia mbili.

Hata hivyo, hatuna budi kuuliza: subira hiyo humgharimu nani? Muuzaji wa ng'ambo huichapa juu ya pakiti, na sifa ikawa yake. Mkulima ndiye angojaye tunda liwe jekundu, ilhali ghala ni tupu na mtoto ana homa. Kumlaumu achumapo mabichi ni dhuluma. Kwa maoni yetu, kumdai maskini subira bila kumsaidia kungoja si kumfunza uadilifu, ni kumtwika mzigo wa mwingine. Ushirika ulio mwema humlipa mkulima apimapo matunda, na kumwongezea malipo ya pili kahawa ikiuzwa vizuri. Malipo hayo yakichelewa, mchuuzi mwenye fedha taslimu yu tayari mlangoni, wala haulizi rangi ya tunda.