Mama Aliyemvika Mwanawe Ngozi ya Mbuzi

Somo: Mwanzo 27:1–29



Mwaka jana, wiki moja kabla ya KCSE, mama mmoja alinisubiri nje baada ya ibada ya Jumatano. Alileta kalamu mbili za mwanawe niziombee. Nikaziombea. Kisha akanionyesha simu. Mtu alikuwa anauza karatasi za mtihani kwenye Telegram, shilingi elfu tatu kwa somo, unalipa kwa M-Pesa. Akaniuliza, "Pasta, wenzangu wameshalipa. Nikikaa tu hivi, si nitakuwa nimemtupa mtoto wangu?"

Sikumjibu. Nilisema, "Mama, tuzidi kuomba," nikaharakisha kwenda jeti nisikose boti ya mwisho ya Mokowe. Leo nataka kulipa deni la jibu lile, maana msimu wa mtihani umefika tena na najua si yeye peke yake aliye na swali hilo.

Swali lenyewe ni zito. Mtihani mmoja unaweza kumfungulia mtoto mlango au kuufunga. Ukimpenda, kuna msaada ambao hupaswi kumpa?

Tumtazame Rebeka. Isaka amezeeka na haoni. Amemtuma Esau porini akawinde, arudi abarikiwe. Rebeka anasikia, anamwita Yakobo haraka. Anapika mbuzi aonje kama nyama ya porini, anamvika mwanawe nguo za kakake, anamfunga ngozi ya mbuzi mikononi. Yakobo anaogopa: baba akinipapasa je? Mama anamwambia kama ni laana, iwe juu yake.

Tusimcheke. Huyo ni mama anayempenda mwanawe mpaka yuko tayari kulaaniwa badala yake. Mama wa simu alikuwa vivyo hivyo.

Najua mtu atasema, "Lakini Pasta, Yakobo si alibarikiwa?" Kweli, alibarikiwa. Ila rudi nyuma kidogo, Mwanzo 25. Mungu alikuwa amemwambia Rebeka habari za Yakobo kabla hawajazaliwa. Ngozi ya mbuzi haikuongeza kitu juu ya ahadi ile. Ilichofanya ni kupunguza. Kijana alikimbia nyumbani, na Maandiko hayatuambii popote kwamba mama alimwona tena. Huko alikokwenda, Labani akamdanganya gizani kuhusu mke, kama yeye alivyomdanganya baba asiyeona. Na miaka mingi baadaye, usiku ule wa kushindana mweleka, aliulizwa jina lake. Baba alipouliza, alisema yeye ni Esau. Safari hii ilibidi aseme, mimi ni Yakobo. Hapo ndipo akabarikiwa akiwa na sura yake mwenyewe.

Sasa nirudi kwa yule mama. Alilipa. Karatasi zilikuwa feki, na kijana alikesha siku mbili akikariri majibu ya maswali ambayo hayakuja. Lakini sitaki tujifunze hapo, maana mtu ataondoka akisema, basi nitafute muuzaji wa kweli. Januari, matokeo yalipotoka, nilikaa na kijana. Nilidhani atalia juu ya gredi. Akaniambia, "Pasta, gredi si tatizo sana. Tatizo ni kwamba mama aliamini mimi siwezi."

Hilo ndilo jibu nililokosa usiku ule. Unapomnunulia karatasi, unamwambia mtoto kwamba wewe ulivyo, hutoshi kubarikiwa. Vaa ngozi ya mwingine. Hata akipata A, atajua ile A si yake. Bwana wetu aliuliza ni baba gani, mwana akimwomba samaki, atampa nyoka. Mtoto wako anaomba kuaminiwa. Usimpe nyoka.

Wengine mtasema dunia haina haki. Shule nyingi za kaunti yetu zina upungufu wa walimu, na wako watoto wetu ambao madarasa yao yalifungwa kwa sababu ya usalama. Mbona tushindane kwa haki na shule zenye kila kitu? Nakubali uonevu upo, na tuendelee kuusema kwenye ofisi zinazohusika. Lakini nafasi iliyoibwa haimletei mtu maabara. Inamnyang'anya mtoto mwingine aliyesoma kwa taa ya simu, labda wa jirani yako. Nchi hii imeshaona. KCSE ya 2015 watahiniwa zaidi ya 5,000 walifutiwa matokeo, na Machi 2016 bodi ya baraza la mitihani ikavunjwa. Mwaka huo ulinzi ulipokazwa, gredi A zilishuka kutoka zaidi ya 2,600 hadi 141. Tujiulize ni watoto wangapi waaminifu waliopitwa miaka ile ya nyuma.

Na humu kanisani tuna ndugu polisi wanaosindikiza karatasi hizo, na walimu wanaozisimamia. Hatuwezi kuomba ulinzi wao Jumapili na kununua njia ya kuwapita Jumatatu.

Nilisomea biashara. Tulifundishwa kwamba mwekezaji huuliza: nimeweka ngapi, nitapata ngapi? Swali zuri kwa duka, baya kwa mtoto. Tunasema, "Nimeuza ng'ombe kwa karo yako," tukidhani tunamtia moyo. Yeye anasikia deni. Mtoto mwenye deni usingizi hauji, na anayeogopa kurudi nyumbani na D hujaribiwa na kila njia ya mkato. Zaburi ya 127 inamwita urithi kutoka kwa Bwana.

Basi tumsaidieje? Kwanza, mpunguzie kazi za nyumbani wiki hizi, alale mapema, ale kabla ya kutoka. Pili, umalize suala la karo na mwalimu mkuu wewe mwenyewe, asilibebe yeye. Tatu, usimtaje mtoto wa jirani. Nne, muulize somo gani linamtisha, kisha umsikilize mpaka amalize. Tano, amua leo utakachosema Januari, yakiwa mazuri au mabaya. Mwenye C+ ataomba chuo kikuu. Wasiofika hapo wana vyuo vya ufundi, na mlango wa nyumbani kwao usifungwe.

Pale Yordani, Baba alisema anapendezwa na Mwanawe kabla Yesu hajafanya muujiza hata mmoja. Baraka ilitangulia kazi.

Jumapili hii tutawaombea watahiniwa. Kalamu mlete, lakini kabla sijaigusa hata moja, kila mzazi atamwekea mwanawe mkono kichwani na kumwambia kwa jina lake halisi kwamba anapendwa, matokeo yawe vyovyote. Asiye na mzazi hapa, mzee wa kanisa atasimama naye. Na yule mama nimeshamwendea nikamwomba msamaha. Mwanawe mdogo yuko kidato cha nne mwaka huu. Watakuja wote wawili.

Mungu awabariki.