JIRANI NA ILIMU YA MIKONO

Napenda kuwaeleza ndugu zangu jambo lililotokea mtaani kwetu hapa Mombasa, ambalo mimi mwenyewe nina fungu katika lawama yake.

Alifariki mama mmoja usiku, nyumbani kwake. Bibi aliyekuwa akiosha maiti wa kike mtaani petu kwa miaka mingi alikuwa amekwisha tangulia mbele ya haki miezi michache kabla, wala hakuacha mwanafunzi. Nikaitwa alfajiri. Nilisimama nje ya pazia nikawaeleza wanawake waliokuwamo ndani namna ya kuosha, lililo la lazima na lililo la suna. Mmoja wao akanijibu kwa adabu: "Sheikh, hayo twayajua, umetusomesha wewe mwenyewe. Mikono yetu ndiyo isiyojua."

Neno lile lilinichoma. Mlango wa janaza nimeusomesha mara nyingi. Nimeeleza maji ya majani ya mkunazi, na karafuu maiti katika mwosho wa mwisho, na nguo tano za sanda ya mwanamke. Lakini hapana hata siku moja niliyomwomba yule bibi, alipokuwa hai, awaonyeshe wenziwe jinsi maiti ageuzwavyo ubavu, jinsi tumbo likamuliwavyo kwa upole, jinsi mkono uzungushiwavyo kitambaa na uchi usifunuliwe. Mume wa marehemu alikuwa amekaa barazani. Katika madhehebu yetu ya Shafi mume aweza kumwosha mkewe, nami nikamwambia hivyo. Akaniangalia, machozi yakamtoka, akasema hajui aanzie wapi. Basi tukangoja hata karibu na adhuhuri, alipopatikana mwosha wa mtaa wa mbali. Na sisi tumeamrishwa kuharakisha janaza!

Ndugu zangu, kumwosha maiti ni faradhi ya kutosheleza: wakiifanya baadhi ya watu, wengine husalimika, isipofanywa kabisa, dhambi huwa ya wote walioweza. Twaisoma hukumu hii, kisha twaufahamu upande wake mmoja tu, ule wa kusalimika. Twasema, yuko bibi fulani. Na bibi fulani ni mtu, hufa kama wafavyo watu. Wazee wetu hawakusema bure kwamba mwosha huoshwa.

Katika Sura ya Al-Maun Mwenyezi Mungu amewalaumu wenye kuzuia msaada mdogo. Ibn Masud, Mungu amwie radhi, aliufasiri kuwa ni vile vyombo ambavyo watu huazimana, kama shoka, chungu na ndoo. Ikiwa mwenye kumnyima jirani chungu yu katika lawama hiyo, ataambiwaje mwenye kumnyima ujuzi? Chungu chaweza kurudi kina ufa. Ujuzi ukiuazima hauondoki kwako, na aghalabu huzidi. Na Abu Dharr amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alipoulizwa juu ya amali zilizo bora, alitaja katika jawabu lake kumsaidia mwenye kazi yake, au kumfanyia asiyejua kazi.

Maswahaba walilifahamu hili. Sayyidna Umar alikuwa na jirani yake wa Kiansari katika viunga vya Madina. Hawakuweza kwenda wote kila siku kwa Mtume, kwa hiyo walipokezana: huyu leo, yule kesho, na aliyekwenda humletea mwenziwe habari ya alichokisikia. Na katika vita vya Badr, mwaka wa 2 wa Hijra, imepokewa kwamba mateka wasiokuwa na mali ya kujikombolea waliambiwa wawafundishe watoto wa Ansari kuandika, ndicho kikawa kikomboleo chao. Walimu wale walikuwa makafiri na maadui, wala haikuonekana aibu kujifunza kwao. Sisi twaona aibu kujifunza kwa jirani Mwislamu!

Ama katika kuosha khasa, Umm Atiyya alikuwa miongoni mwa waliomwosha binti ya Mtume, na Mtume mwenyewe akawaelekeza. Baadaye alipokaa Basra, watu walimwendea kujifunza kwake. Hakuifanya kazi ile siri ya nyumba yake.

Miongoni mwetu wako wasemao kwamba kijana akijifunza kuosha maiti huleta mkosi nyumbani. Huo ni upuzi usio na asili katika dini, wala sitaupotezea karatasi. Liko jambo jingine lililo zito zaidi, nalo ni kwamba baadhi ya wajuzi hawafundishi kwa kuchelea kukosa ile nguo na vile vipesa wapewavyo. Sisemi ujira wao ni haramu. Ni halali yao, na wengi wao ni maskini ambao mtaa haukuwatazama ila siku ya msiba. Sisi tuliowaacha hivyo tusiwe wepesi wa kuwalaumu. Mwenye kufundisha naye apewe chake.

Tumekwisha anza. Yule mwosha wa mtaa wa mbali tulimwomba aje, akaja. Wanawake kumi na mmoja walikutana, wakalaza mto mrefu kitandani badala ya maiti. Fundi cherehani mmoja aliwaonyesha jinsi ya kukata sanda bila ya kuharibu kitambaa. Jirani mwingine, ambaye mimi sikumdhania kuwa na ilimu yoyote, aliwaeleza kwa utaratibu namna ya kupata hati ya kuzikia, na nani wa kuendewa mtu akifia nyumbani. Naliambiwa kwamba wa kwanza kunyosha mkono kujaribu alikuwa binti wa yule mama tuliyemchelewesha.

Kikao cha pili ni Jumatano baada ya sala ya alasiri, nyumba ile ile. Wanaume watakutana msikitini baada ya isha. Mwenye bafta kuukuu na aje nayo, ya kujifundishia kukata.