Kuona na Kuwapo: Ibada ya Mbali Mbele ya King'amuzi

Je, mtu anayeitazama ibada kwenye televisheni ya nyumbani kwake ameshiriki ibada hiyo, au ameitazama tu? Swali hili ni la zamani kuliko king'amuzi, kwa kuwa liliulizwa tangu redio ilipoanza kutangaza hotuba za Ijumaa na Misa za Dominika, lakini king'amuzi kimeliongezea uzito, kwanza kwa sababu kimezifikisha ibada za mbali katika sebule nyingi mno, na pili kwa sababu namna kinavyoiunda picha inatia shaka hata lile ambalo zamani halikutiliwa shaka, yaani kwamba mtazamaji anaona jambo linalotendeka kweli. Makala haya yanashikilia kwamba shaka hiyo ya pili haina nguvu: mtazamaji anaona. Anachokikosa ni kitu kingine, ambacho wanazuoni wa fiqhi na wa teolojia walikuwa wamekiwekea mipaka kabla hawajajua kwamba kutakuwa na televisheni.

King'amuzi, ambacho katika lugha ya mamlaka za mawasiliano huitwa pia kisimbuzi, ni kifaa kinachopokea mawimbi yaliyobeba taarifa za kidijiti, yaani mifuatano mirefu ya sifuri na moja, na kuzigeuza kuwa picha na sauti. Kipo cha antena, ambacho hupokea kutoka kwenye mnara wa ardhini, na kipo cha dishi, ambacho hupokea kutoka kwenye setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya mstari wa ikweta, ikizunguka kwa mwendo ule ule wa dunia hata ionekane imesimama mahali pamoja angani. Anayekifunga nyumbani huunganisha waya, hufungua menyu ya usanikishaji, kisha hugeuza dishi au antena polepole huku akitazama mistari miwili kwenye kioo, mmoja wa nguvu ya mawimbi na mwingine wa ubora wake. Mafundi wa dishi wanajua kwamba mstari wa nguvu unaweza kujaa ilhali wa ubora umebaki sifuri, kwa kuwa dishi limeelekea setilaiti isiyokusudiwa: kitu kinafika, na kinafika kwa wingi, lakini hakisomeki. Ubora ukipatikana, king'amuzi huamriwa kutafuta chaneli, na baada ya dakika chache orodha yake hukamilika.

Mkataba wa Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano uliofikiwa Geneva mwaka 2006 uliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulindwa kwa matangazo ya analojia, yaani mfumo uliotangulia ule wa kidijiti, katika sehemu kubwa ya dunia, ikiwemo Afrika. Tanzania ilitangulia, ikaanza kuzima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ikahitimisha kazi hiyo mwaka 2015 baada ya mvutano mkali kati ya serikali na vyombo vikubwa vya habari uliofika hadi Mahakama ya Juu. Katika mijadala ya miaka hiyo yalizungumzwa zaidi masuala ya bei, leseni na chaneli za bure, na hilo lilieleweka, kwa kuwa mwananchi aliyekuwa na televisheni nzima aliambiwa anunue kifaa kingine ili aendelee kuona alichokuwa akikiona. Ni wachache waliouliza kama picha yenyewe imebadilika tabia.

Imebadilika, tena sana. Katika analojia, wimbi lililofika kwenye antena lilipanda na kushuka kwa kadiri ya mwanga uliopiga kamera, hivyo picha dhaifu ilikuwa ni picha ile ile yenye chenga, na mtazamaji mvumilivu aliweza kumtambua mtu nyuma ya chenga hizo. Katika dijiti kinachosafirishwa ni maelezo ya picha. Kati ya picha 25 zinazopita kila sekunde, chache tu hutumwa kamili. Nyingi hujengwa na king'amuzi kwa kukisia kutoka katika picha iliyotangulia au hata inayofuata, kikiongozwa na maelekezo kuhusu vipande vya mraba vilivyosogea na vilivyobaki. Kazi yake ni mfano wa fundi cherehani anayeletewa vipimo badala ya nguo, na baada ya mara ya kwanza anaambiwa tu ni kipimo gani kimebadilika. Juu ya hayo huongezwa tarakimu za ziada zinazokiwezesha kusahihisha makosa ya njiani, na ndiyo maana picha ya dijiti haichakai kidogo kidogo: huwa safi kabisa, kisha makosa yakizidi uwezo wa kusahihishwa hukatika katika miraba, huganda, na kupotea.

Kutokana na hayo mtu aweza kudai kwamba anayetazama swala ya tarawehe kutoka Makka kwa king'amuzi haoni swala, bali anaona mchoro uliochorwa ndani ya nyumba yake kwa maelekezo kutoka mbali. Hoja hiyo inavutia, lakini inaanguka ikipimwa kwa kigezo alichokitoa mwanafalsafa wa Marekani Kendall Walton mwaka 1984, aliyedai kwamba kwa kupitia picha za kamera mtu huviona vitu vyenyewe, kama anavyoviona kwa miwani au darubini, kwa sababu picha hizo hufuata hali ya kitu bila kupitia imani ya mtu yeyote. Mchoraji huchora anachoamini kuwa kipo, na akikosea, mchoro hukosea pamoja naye. Kamera haina imani. King'amuzi nacho hakina. Kukisia kwake ni hesabu iliyofungwa kwa maelekezo yanayotokana na mwanga ulioingia kwenye kamera, na imamu akiinua mikono, mikono huinuka kwenye kioo, awe anatarajiwa kuiinua au la. Kuchelewa nako hakubatilishi kuona. Matangazo ya mubashara, yaani yanayorushwa tukio likiendelea, hufika yakiwa yamepitwa na sekunde kadhaa zinazotumika katika kusimba, kusafirisha na kusimbua, kiasi kwamba wakati wa mechi nyumba moja hushangilia bao kabla ya jirani mwenye king'amuzi cha kampuni nyingine kuona mpira ukipigwa. Hata hivyo mwanga wa jua huchukua takriban dakika nane kufika duniani, na hakuna anayesema kwamba watu hawalioni jua.

Ikiwa kuona kumethibitika, kwa nini basi wanazuoni walio wengi wamekataa kwamba mtu aweza kumfuata imamu kwa redio au televisheni? Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, jibu huanzia katika masharti ya kumfuata imamu kama yalivyopangwa katika vitabu kama Minhaj cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Imamu na maamuma, yaani anayeswali nyuma yake, wakiwa ndani ya msikiti mmoja, umbali haudhuru maadamu maamuma anaijua mienendo ya imamu. Wakiwa nje, nafasi kati yao isizidi dhiraa 300 kwa makadirio, ambazo ni karibu mita 150, na pasiwe na kizuizi kinachozuia kupita au kuona. Msomaji wa haraka atayachukua masharti haya kuwa kanuni za macho na masikio, yaani namna ya kuhakikisha kwamba maamuma anajua imamu anafanya nini, na akiyasoma hivyo ataona kwamba king'amuzi kimeyatimiza yote, kwa kuwa mtu aliye Tanga humwona imamu wa Makka kwa uwazi ambao aliye safu ya mwisho ya msikiti hana.

Usomaji huo ulipata mtetezi mkubwa, naye ni mwanazuoni wa Morocco Ahmad al-Ghumari, aliyefariki mwaka 1960, ambaye aliandika risala nzima kuhalalisha swala ya Ijumaa nyumbani nyuma ya redio. Hakuiachia bila mipaka: alishurutisha wakati wa swala uwe mmoja, nchi ya maamuma iwe nyuma ya nchi ya imamu, na jambo la tatu litakalotajwa mbele. Sharti la wakati lina jambo la kupendeza kwa watu wa pwani, kwa kuwa Mombasa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa longitudo, tofauti ikiwa chini ya robo ya nyuzi, na kwa hiyo jua hupinduka adhuhuri katika miji hiyo miwili kwa kupishana chini ya dakika moja. Ni miji michache iliyo mbali na Makka ambayo ingelitimiza sharti hilo kwa wepesi namna hiyo, na bado wanazuoni wa pwani hawakumfuata al-Ghumari.

Sababu, kwa maoni ya makala haya, haimo katika macho. Swala ya jamaa imejengwa juu ya uwezekano wa kujibiwa. Imamu akisahau, mwanamume aliye nyuma yake husema Subhanallah na mwanamke hupiga kofi, na imamu hurejea. Akikwama katika aya, maamuma humkumbusha. Udhu wake ukitenguka katikati ya swala, aweza kumvuta mtu wa safu ya mbele akamweka mahali pake. Katika Ijumaa madhehebu ya Shafii yanadai watu 40, na mtu huhesabiwa kwa kuwa yupo. Aliye mbele ya king'amuzi hawezi kumsahihisha imamu, hawezi kuvutwa mbele, wala hahesabiki. Waya na dishi vinaelekea upande mmoja. Dhiraa 300 na ukosefu wa kizuizi, vikisomwa kwa mwanga huu, vinapima kama watu wawili wanaweza kufikiana, na kuonana ni dalili tu ya hilo.

Upande wa Wakatoliki umefika mahali panapofanana kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1958 Papa Pius XII alimtangaza Mtakatifu Klara wa Assisi kuwa msimamizi wa televisheni, kwa sababu ya simulizi kwamba katika Noeli ya mwisho ya maisha yake, akiwa mgonjwa kitandani asiyeweza kwenda kanisani, aliiona na kuisikia ibada iliyokuwa ikifanyika mbali naye. Kanisa lililomheshimu hivyo halikusema kwamba kutazama Misa kunatimiza wajibu wa Dominika, wala kwamba Komunyo hupokelewa kwa kioo. Mgonjwa huombewa, hufarijika na kufanya Komunyo ya tamaa, yaani kumpokea Kristo kwa nia pale anaposhindwa kumpokea kwa sakramenti. Lakini Idara ya Toba ya Vatikani iliruhusu rehema kamili, yaani ondoleo la adhabu za dhambi zilizokwisha kusamehewa, inayoambatana na baraka ya Papa kwa Roma na ulimwengu, iwafikie wanaoifuata kwa redio na televisheni. Tofauti hii ina mantiki. Baraka hutoka kwa mmoja kwenda kwa wengi, na chombo cha upande mmoja kinaweza kuibeba bila kuipotosha. Sakramenti hudai mkono unaotoa na mkono unaopokea. Bila shaka kunabaki jambo la kuchekesha kidogo, kwamba baraka hiyo ikirushwa na chaneli ya kulipia, wimbi lake litafika kwenye paa la kila nyumba bila ubaguzi, lakini kadi ya mtu ambaye kifurushi chake kimeisha haitakubali kulifungua. Teolojia ya kifurushi bado haijaandikwa.

Mwaka 2020 tofauti hizi zilitoka vitabuni. Kenya ilifunga nyumba za ibada kuanzia Machi hadi Julai kwa sababu ya UVIKO-19, huku Tanzania ikiziacha wazi, na kwa miezi hiyo Mkatoliki wa Taveta alitazama Pasaka kwenye televisheni wakati jirani yake aliye ng'ambo ya mpaka aliiadhimisha kanisani. Makanisa ya Kiprotestanti, hasa ya kipentekoste, ambayo kiini cha ibada yao ni neno linalohubiriwa, yalihamia kwenye vioo kwa wepesi zaidi, jambo linaloafikiana na hoja iliyotangulia. Misikiti haikuhamisha Ijumaa: Waislamu walirejea kwenye ruhusa ya dharura na kuswali adhuhuri majumbani mwao.

Hapa huja pingamizi zito zaidi. Ikiwa kasoro ya king'amuzi ni kuwa na upande mmoja, basi vyombo vya siku hizi vinavyounganishwa na intaneti, vinavyomwezesha aliye mbali kuonekana na kujibu, vingekuwa vimeiondoa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha Machi 1990, lilikubali kwamba mikataba iliyofungwa kwa vyombo vya mawasiliano kati ya watu walio mbalimbali ni sahihi, na kwa hiyo lilitambua kwamba kujibizana kwa waya ni kujibizana kweli. Likavua mambo machache, mojawapo likiwa nikaha, kwa sababu nikaha hudai mashahidi. Shahidi si mmoja wa wanaofunga mkataba. Ni mtu wa tatu, ambaye kazi yake ni kuwapo tu. Kujibizana, kwa hiyo, ni lazima lakini hakutoshi, na katika jamaa wa tatu huyo ni yule anayesimama bega kwa bega na anayeswali, akiwa si imamu wala mhubiri, na asiyeonekana kwenye picha yoyote inayorushwa. Sharti la tatu la al-Ghumari lilikuwa hilo: anayemfuata imamu kwa redio asimame safuni na mtu mwingine, japo mmoja. Kwa hesabu ya mwanazuoni aliyeruhusu kuliko wote, basi, mtu aliye peke yake sebuleni hakuwa na jamaa, hata mstari wa ubora ukijaa.