Msilichezee Tunda la Mwegea

Wajukuu zangu wa kijiji cha Mbingu hapa bondeni, nasikia siku hizi mnauziana unga wa mwegea na kuelekezana kwa simu: paka usiku, kunywa asubuhi, maumbile yakue. Mkubwa haoni haya kulitaja jambo linalodhuru, kwa hiyo nalitaja.

Mwegea, ambao wengine huuita mvungunya, ni mti wa kandokando ya mito. Maua yake ya rangi ya damu huning'inia kwenye vikonyo virefu kama kamba, yakafunguka jua likizama. Harufu yake kali huwaita popo, nao hunywa utamu wake na kubeba chavua mti hadi mti. Asubuhi ua liko chini, chakula cha mbuzi. Likishika mimba, huzaa tunda refu kama mkono wa mtu, linaloweza kupita kilo 5. Tembo, kiboko na nyani hulila. Nanyi msiseme: mbona tembo hafi? Tumbo la tembo si lenu.

Dawa imo, sikatai. Tangu zamani tunda likikaushwa na kusagwa limepakwa kwenye vidonda, majipu na magonjwa ya ngozi, na magome yamechemshwa kwa kuhara damu. Watafiti nao wamepima maji ya mti huu maabara, wakaona yanazuia baadhi ya bakteria. Lakini chupa ya maabara si mwili wa mtu. Tunda bichi ni sumu: huchoma mdomo, hutoa malengelenge na huharisha vibaya. Hata Wakikuyu, wanaochachushia pombe ya muratina kwa tunda hili, hulikausha na kulitayarisha kwanza. Wewe unalikata mchana na kulipaka usiku huohuo mahali pa ngozi nyororo kuliko zote. Ukivimba utamwonyesha nani?

Bonde hili linajua gharama ya dawa iliyoaminiwa kupita uwezo wake. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji walilivamia boma la Mahenge wakiamini dawa yao itageuza risasi kuwa maji. Ujasiri wao tunauenzi hadi leo, lakini bunduki za rashasha za Wajerumani ziliwafyeka. Wao walikuwa wanaitetea nchi. Ninyi mnatetea nini?

Basi shikeni haya. Msinywe wala kupaka tunda bichi. Mganga mumuulize usajili wake, kwa maana Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 imeweka Baraza la kuwasajili. Anayeuza unga kwenye mfuko usio na jina hatapatikana siku ya madhara. Kidonda kisichofunga kwa wiki mbili kipelekwe zahanati, na mkimweleza daktari msifiche mlichopaka. Mkihitaji gome, chukueni kipande upande mmoja tu, maana mti uliochunwa kuuzunguka hukauka, na wajukuu wenu watakosa dawa na kivuli.

Sikio la kufa halisikii dawa. Na wewe kijana unayetafuta uanaume kwenye mfuko wa unga, jua kwamba hapa Mbingu tunaupima kwa shamba la mpunga lililopaliliwa, kwa mke anayeheshimiwa na kwa watoto walioshiba. Hayo hayapakwi.