Njia ya Nuru Juu ya Ziwa Kivu

Jua la Bukavu huchomoza upande wa Rwanda, nyuma ya vilima vya Cyangugu, na likishapanda kidogo hutandika juu ya Ziwa Kivu njia ya dhahabu iliyonyooka hadi miguuni pa mtazamaji. Lakini aliyesimama mtaani Muhumba huiona ikimjia yeye, aliyeko Nguba naye yu tayari kuapa kwamba imemwelekea yeye, na mama aliyetua mzigo wake mteremkoni Kadutu aiona vivyo hivyo.

Hakuna hata mmoja aliyedanganyika. Maji yana viwimbi visivyo na idadi, kila kimoja ni kioo kidogo kilichoinama kivyake, na kwa kuwa mwali huondoka kiooni kwa pembe ile ile uliyoingilia, ni vile tu vilivyoinama kwa kadiri imwafikiyo mtazamaji fulani ndivyo vinavyomfikishia nuru ya jua, ilhali vingine huwapelekea wenzake. Jua likiwa utosini, maji matulivu huakisi asilimia 2 hivi tu ya nuru liyashushiayo. Likiwa chini karibu na upeo wa macho, huirudisha nyingi zaidi, na ndiyo sababu njia hiyo hung'aa sana asubuhi.

Jambo hili nalitazama kwa jicho la dini, kwa maana mji huu una kanisa kuu la Notre-Dame de la Paix, una makanisa ya Kiprotestanti na misikiti, na bado twahojiana ni nani aliyejaaliwa nuru. Naitakidi kwamba asemaye nuru imenijia asema kweli. Kosa huanza asemapo kwamba haikumfikia jirani, kwani hilo hakuliona wala hakuweza kuliona kutoka mahali aliposimama. Sisemi kwamba itikadi zote ni mamoja: jua ni moja, na mwenye kudai asubuhi kwamba liko magharibi amekosea popote alipo.

Mwanazuoni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965, aliwapinga katika kitabu chake, Kitab al-Manazir, waliodhani kwamba jicho hutoa miali ikaenda kuvigusa vitu, akabainisha kwamba nuru hutoka kwenye vitu ikaja machoni, na miongoni mwa hoja zake ni kwamba jicho huumia likitazama mwanga mkali. Aonaye, basi, ni mpokezi; na mpokezi hana haki ya kujigamba kwa alichopokea.

Kuna kifaa kimoja kinitiacho hofu niwazapo ibada, nacho ni kile kipande chekundu kilichobandikwa nyuma ya pikipiki za abiria zipandazo Kadutu usiku. Ukikichunguza kwa karibu utaona ndani yake vijipembe vingi, kila kimoja kina nyuso tatu zilizokutana kama pembe ya chumba, na mwali uingiao humo hugonga uso baada ya uso, kisha hurudi kule kule ulikotoka. Dereva aliyekimulika kwa taa za gari lake hukiona kikiwaka. Mwenda kwa miguu aliye kando ya barabara haoni kitu. Wamarekani waliliacha mwezini, Julai 1969, bamba la vioo 100 vya namna hiyo, na wataalamu wakiupeleka mwali wao huko huupata tena baada ya sekunde zipatazo mbili na nusu, wakapima umbali kwa uhakika wa ajabu. Kwa kazi hiyo, na kwa usalama wa barabarani, ni chombo chenye manufaa makubwa. Lakini iko ibada iliyo mithili yake: mtu huielekezea taa yake mwenyewe, yaani ghadhabu yake, kabila lake, tamaa yake, na aonapo mng'ao mkali mbele yake hudhani kwamba Mwenyezi Mungu amemjibu, ilhali angaliweza kuipambanua hali hiyo kwa kumwuliza jirani aliyesimama kando, asiye na taa mkononi, kama naye ameona chochote.