Kustaafu kwa Wawili: Nyumba, Njia na Jembe

Mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam, mtengenezaji wa matela ya kuishi yaitwayo Airstream, aliongoza msafara wa matela 41 kutoka Cape Town kuelekea kaskazini. Msafara huo ulilikata bara letu, ukapita Ethiopia, na mwaka 1960 ukawasili Cairo. Miongoni mwa wasafiri walikuwamo wazee, mume na mke, waliokwisha kuacha kazi zao. Tela la namna hiyo ni nyumba juu ya magurudumu: kitanda, jiko, meza na mahali pa kunawia, vyote katika nafasi ya chumba kimoja chembamba. Gari huvuta mbele, nyumba hufuata nyuma. Huko Marekani wako wastaafu wengi ambao hadi leo huuza nyumba zao za matofali, wakanunua tela, wakaanza maisha mapya barabarani.

Jambo hili laweza kuonekana geni kwetu, lakini lina swali ndani yake linalotuhusu. Je, mume na mke waliomaliza utumishi wana haki ya kuifanya njia kuwa makao yao, au uzee unawadai wakae mahali pamoja? Na nyuma ya swali hilo limejificha jingine lililo zito zaidi: popote watakapokaa, wataishije pamoja?

Tutalitazama suala hili kutoka Bugoye, kwenye miteremko ya Rwenzori katika wilaya ya Kasese, magharibi ya Uganda. Matela yapitayo barabara ya Kasese kuelekea Bwera na mpaka wa Mpondwe ni ya mizigo, wala si ya kulala wazee. Hata hivyo, watu wa huku wanaijua vizuri safari ya kustaafu. Mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilifika Kasese, na shaba ya Kilembe ikaanza kupelekwa Jinja kuyeyushwa. Tangu wakati huo hadi uchimbaji ulipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1980, mgodi na reli viliwaajiri wanaume wengi. Wengine walikwenda mbali zaidi: ualimu, upolisi, jeshi, kazi za mijini. Aghalabu mume aliondoka na mke akabaki mlimani, akilima mihogo, maharage na kahawa katika mashamba yaliyosimama kama ukuta, akilea watoto na kuwazika wakwe. Mume alirudi kwa likizo, akiwa na sukari na nguo, kisha akaondoka tena.

Yafaa kwanza tulichunguze neno lenyewe. Kustaafu limetokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni kuomba kuachiliwa, kuomba udhuru wa kutoendelea na kazi. Malipo apewayo mtumishi anapoondoka tumeyaita kiinua mgongo, kana kwamba mtu alikuwa ameinama miaka yote na sasa anasaidiwa kusimama wima. Maneno haya mawili ni mazuri, lakini yote yanamhusu mtu mwenye mwajiri. Aliyebaki Bugoye na jembe lake, aombe kuachiliwa na nani? Nani atauinua mgongo wake? Mtumishi wa serikali nchini Uganda hustaafu akifika miaka 60. Mkewe siku hiyo huamka alfajiri kama jana yake.

Hapa ndipo tunapoona kwamba tela la Mmarekani na nyumba ya Bugoye vinafanana kuliko tulivyodhani. Katika yote mawili, watu waliokuwa wakionana jioni tu, au mara mbili kwa mwaka, sasa wanaonana kutwa kucha. Kazi ilikuwa imeweka ukuta kati yao, na ukuta huo, pamoja na ubaya wake, ulikuwa ukificha mengi. Wahenga walisema vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana. Katika tela vyombo hivyo viko karibu mno, ndiyo maana mgongano husikika mapema. Bugoye nafasi ni kubwa zaidi, na mgongano huchukua muda kusikika, lakini ni ule ule.

Kuhusu swali la kwanza, wako wasemao kwamba mahali pa mzee ni nyumbani. Mzee ni mshauri wa ukoo, msuluhishi wa mipaka ya mashamba, mtu wa kuwasimulia wajukuu. Akiwa njiani daima, nani atayafanya hayo? Hoja hii ina uzito, nasi hatuipuuzi. Walakini haitoshi. Kuwapo kwa mwili si kuwapo kwa shauri. Wako wazee wasiotoka uani ambao hakuna anayefaidi hekima yao. Tena, huko kukaa mahali pamoja hakuna uthabiti tunaodhani. Mwezi Mei 2013, na tena Mei 2020, mto Nyamwamba ulifurika ukabomoa nyumba na kuharibu hospitali ya Kilembe. Nyumba isiyo na magurudumu nayo huondoka. Waliookoka walijifunza kwamba makao ni wale waliosalia pamoja, hata wakiwa chini ya turubai.

Wako pia wasemao kinyume: mtu aliyetumikia wengine miaka 35 ana haki ya kutembea na kuona dunia, wala asiulizwe. Hii nayo ni kweli nusu. Haki ya kupumzika ni ya kweli, lakini hatuna budi kuuliza ni nani anayepumzika. Tuchukue tela lililosimama kando ya barabara jioni. Mmoja ameketi nje akilitazama jua likizama. Mwingine yumo ndani, anapika katika jiko la hatua moja, anafua katika beseni, anatafuta mahali pa kuanika. Mandhari imebadilika, lakini kazi yake haikubadilika, isipokuwa imekuwa ngumu zaidi kwa ufinyu wa nafasi. Je, huyo naye amestaafu? La hasha. Amehamishwa kituo tu, kama tunavyohamishwa sisi walimu.

Kwa hiyo twaona kwamba kipimo cha haki hakimo katika njia wala katika nyumba. Kimo katika swali hili: je, wote wawili wamestaafu? Ikiwa kupumzika kwa mmoja kunasimama juu ya mgongo wa mwenzake, hapo hakuna kupumzika. Kuna mwajiri mpya na mtumishi wa zamani.

Turudi Bugoye. Mume amerudi na sanduku lake na kiinua mgongo. Siku za kwanza ni sherehe. Kisha anaanza kuuliza: kwa nini kahawa huuzwa kwa mnunuzi huyu? Kwa nini maharage yamepandwa upande ule? Fedha za mbuzi zilikwenda wapi? Anauliza kama msimamizi aliyefika kukagua. Mke, aliyeyaamua hayo yote peke yake kwa miaka thelathini, anajikuta akijibu mashtaka nyumbani mwake.

Mtu ataweza kupinga: lakini mume si mgeni; mabati yaliyoezekwa ni ya mshahara wake. Ni kweli, na haki yake haifutiki. Lakini kumiliki si kujua. Mshahara ulinunua mabati. Mpango wa siku, ujirani, majira ya kupanda na njia ya kushuka mtoni Mubuku bila kuteleza vilijengwa na yule aliyekaa. Katika mambo hayo mwenye nyumba ni mwanafunzi, na mwanafunzi hujifunza kabla ya kukosoa.

Methali yetu yasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi tunaifundisha darasani kama onyo kwa mgeni mvivu. Tukiitafakari zaidi tutaona ina heshima ndani yake. Anayepewa jembe ameondolewa katika ugeni. Amekubaliwa kuwa mtu wa mji. Kwa hiyo wajibu uko pande mbili. Aliyerudi na aombe jembe bila kungoja siku ya tatu, na akipewa, alime pale anapoonyeshwa. Aliyekaa naye asimwache mwenzake kwenye kiti cha wageni milele, akimpelekea chai na kumficha hesabu, kwa kuwa hiyo nayo ni njia ya kumfukuza mtu bila kumwambia aondoke.

Hali kadhalika kwa wale wa tela. Anayeshika usukani na ajue kupika; anayepika na awe na neno katika kuchagua pa kulala. Na kabla ya kuondoka, wawaage wanaowategemea, wasiwatupie wengine shamba na wajukuu kwa jina la kupumzika. Wakiyatimiza hayo, hatuoni kosa lolote wakienda hata Cairo.

Lugha yetu imetuhifadhia funzo moja la mwisho. Kutokana na neno nyumba tumepata unyumba, yaani maisha ya mume na mke. Jengo la Bugoye laweza kusimama miaka hamsini bila unyumba ndani yake, huku mmoja akiwa Jinja na mwingine mlimani. Nyumba ya namna hiyo huanza kujengwa siku ya kustaafu, nao wajenzi wake ni wawili waliokwisha kuchoka. Ndugu walimu, wengi wetu tunaikaribia siku hiyo. Tusingoje barua ya kustaafu ndipo tujue jembe la nyumbani liko wapi.